Majino: mtoto huzaliwa na sarufi au huiokota?

Mtoto wa miaka mitatu hivi anakufunulia kinywa na kukwambia, "Majino yangu yanauma." Unamrekebisha: "Sema meno." Naye anaitikia, "Ndiyo, majino." Kosa hilo lina akili nyingi kuliko linavyosikika. Hakuna aliyemfundisha, mtu mzima akisema "majino" mara nyingi anamtania mwenye meno makubwa. Mtoto amesikia jina na majina, jiko na majiko, jipu na majipu, akajitungia kanuni, kisha akaipeleka mahali ambapo lugha yenyewe ilipita njia nyingine.

Makosa ya namna hii yamewagombanisha wataalamu kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1957 mwanasaikolojia B. F. Skinner alitoa kitabu akidai kwamba kusema ni tabia kama tabia nyingine: mtoto hutamka, hupongezwa, hurudia. Mwaka 1959 mwanaisimu Noam Chomsky alikichambua bila huruma. Mtoto, alisema, huelewa na kutunga sentensi ambazo hajapata kuzisikia. Baadaye yeye na wafuasi wake walisisitiza pia kwamba usemi unaomfikia mtoto ni haba, umejaa vigugumizi na sentensi zilizoachwa njiani. Basi lazima azaliwe na kitu, na kitu hicho kikaitwa sarufi bia, yaani sarufi ya msingi ambayo wanadamu wote huzaliwa nayo.

Kwa Skinner, "majino" ni pigo: ni nani aliyempongeza mtoto kwa neno hilo? Lakini wepesi wa kumpa Chomsky ushindi hapo hapo siuoni. Kanuni ya kuweka ma- ni ya Kiswahili. Hakuna anayezaliwa nayo. Imeokotwa kwenye usemi wa watu. Swali ni imeokotwaje.

Hapa upande wa kujifunza ulipata nguvu mpya mwaka 1996. Mtafiti Jenny Saffran na wenzake waliwasikilizisha watoto wa miezi minane mfululizo wa silabi zilizotolewa na mashine kwa dakika mbili, bila kituo wala mkazo: bidakupadotigolabubidaku... (Sikio la Mswahili lingeyakubali maneno hayo bila maswali.) Ndani ya "bidaku", silabi "bi" ilifuatwa na "da" kila mara, lakini baada ya "ku" lingeweza kuja neno lolote kati ya matatu. Watoto walipojaribiwa, walisikiliza kwa namna tofauti maneno kamili na vipande vilivyovuka mpaka wa maneno. Kumbe walikuwa wanahesabu. Na hilo si jambo dogo, kwa sababu usemi wa kweli hauna nafasi kati ya maneno kama maandishi. Nafasi hizo tunajiwekea wenyewe akilini, ndiyo maana lugha usiyoijua husikika kama neno moja refu.

Je, hesabu inatosha? Programu za kompyuta zinazotunga maandishi zimewapa moyo wanaosema inatosha, kwani zinaandika sarufi safi bila kupandikizwa kanuni. Tatizo ni lishe yake. Zimemezeshwa maneno ambayo mtoto asingeyamaliza kuyasikia hata kwa maelfu ya miaka, ilhali mtoto wa miaka minne keshajua kubishana. Tena kuna Nikaragua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto viziwi walikusanywa shuleni jijini Managua, kila mmoja na ishara chache za nyumbani kwao. Walimu walihangaika kuwafundisha Kihispania cha kusoma midomo, kwa mafanikio madogo. Watoto wenyewe wakaunda lugha ya ishara, na waliofika baadaye wakiwa wadogo waliitia sarufi ambayo wale wa kwanza hawakuwa nayo. Ni lugha ya mikono, naam, lakini hoja ni ile ile: walitoa zaidi ya walichopewa.

Mimi jaribio linalonisumbua zaidi ni jingine, na naona pande zote mbili hulipita haraka. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wa Kimarekani wa miezi tisa waliosikilizishwa Kichina cha Mandarini kwa vikao 12. Waliocheza na msemaji ana kwa ana walijua kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliopewa msemaji yule yule kwenye video, au sauti peke yake, hawakupata kitu. Silabi zilikuwepo za kuhesabu, na kama kuna sarufi ya kuzaliwa ilikuwepo pia. Kilichokosekana ni mtu wa kumjibu.

Ukitazama watu wazima wanavyozungumza, hilo halishangazi sana. Kutaja jina la picha uliyoonyeshwa huchukua takriban milisekunde 600, zaidi kidogo ya nusu sekunde. Lakini katika mazungumzo, uchunguzi wa lugha kumi uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta pengo la kawaida kati ya msemaji mmoja na anayefuata ni kama milisekunde 200 tu. Maana yake jibu huanza kupikwa mwenzako akiwa bado anasema: unasikiliza, unabashiri mwisho wa sentensi yake na kuandaa yako kwa wakati mmoja. Mtoto wa miezi michache ameshauanza mchezo huo kabla hajawa na neno hata moja. Mama akinyamaza, yeye anaguna. Yeye akinyamaza, mama anaendelea.