Kutimiza miaka 18 hakuponyi ADHD

Barua aliyoletewa mpwa wangu hapa Uingereza imenikera mno. Kliniki ya watoto iliyomtibu ADHD, tatizo la kukosa umakini na utulivu, tangu shule ya msingi inamuaga kwa sababu ametimiza miaka 18. Ya watu wazima inamtaka ajaze fomu ndefu na airudishe kabla ya tarehe waliyoiweka, la sivyo ataondolewa kwenye foleni.

Jamani! Kilichomfikisha kliniki ni hicho hicho: kusahau tarehe, kuanza jambo asilimalize, kupoteza karatasi iliyokuwa mkononi sasa hivi. Halafu sharti la kutibiwa ni asisahau, amalize, asipoteze. Akishindwa, wataandika kwamba hakuonyesha nia. Nia anayo. Mwaka 2023, dawa za ADHD zilipoadimika nchi nzima, alizunguka mwenyewe duka hadi duka kuzitafuta.

Miaka yote hiyo dada yangu ndiye aliyepiga simu na kukumbuka miadi. Sasa akipiga anajibiwa kwamba bila idhini ya mwanawe hawaongei naye. Haya, ni haki ya kijana, na lazima afike mahali ajisimamie. Lakini mbona mnamwachia yote kwa mkupuo, mwaka ule ule anaohamia chuo, mji mgeni, GP (daktari wa kawaida wa mtaani) mpya? Na GP halazimiki kuendelea kumwandikia dawa hizo ikiwa hakuna mtaalamu anayemfuatilia. Zinadhibitiwa kisheria, kwa kawaida hutolewa za mwezi mmoja mmoja. Kliniki ikishamfuta, kinachofuata ni chupa tupu.

Si kwamba hawajui. NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huku, ilikubali tangu 2008 kuwa ADHD hutibiwa hata kwa watu wazima. Mwongozo wake wa 2018 unataka kijana apimwe upya akifikia umri wa kumaliza shule, na kwa kawaida awe amekwishahamishwa atimizapo miaka 18. Kliniki zote mbili zinashauriwa zifikirie kukutana rasmi. Mpwa wangu hakuitwa kwenye kikao chochote.

Uhaba wa fedha naujua. Kumpigia kijana simu moja kabla ya kumfuta hakuhitaji bajeti mpya.

Wazazi wenzangu mlioko huku, mtoto akifika miaka 16 anzeni kuuliza, tena kwa maandishi, nani atampokea. Ombeni nakala ya tathmini zake zote. Madaktari wa watu wazima watataka ushahidi wa dalili za kabla ya miaka 12, na ripoti za shule ya msingi hupotea upesi.