Kontrasti ya uti wa mgongo: tatizo ni dawa yenyewe au chupa iliyochukuliwa?

Ikitajwa mayelogramu, ile picha ambayo daktari anakuchoma sindano mgongoni kwa chini, anaingiza dawa ya kontrasti, yaani ile inayofanya sehemu za ndani zionekane vizuri kwenye picha, kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo halafu unapigwa eksirei au CT skani, watu wanagawanyika hapo hapo. Kundi moja linasema dawa ile inaleta degedege, inachanganya akili, wengine wamepooza, kwa hiyo ikimbiwe. Kundi la pili, wengi wao watu wa hospitali, wanajibu kwa neno moja tu, "nadra", na mjadala umefungwa. Mi naona wote wanatia vitu vitatu tofauti kwenye kapu moja.

Kwanza kuna dawa za zamani. Pantopaque ilianza kutumika miaka ya 1940, ilikuwa ya mafuta, haichanganyiki na maji, daktari akishamaliza picha ilibidi aivute tena kwa sindano na ile iliyobaki inakaa humo miaka na miaka. Kuna watu iliwaletea araknoiditisi, yaani utando unaozunguka uti unavimba, unafanya makovu, mizizi ya neva inagandana, na maumivu ya mgongo na miguu yanakuwa ya maisha. Hao hawatii chumvi, waliumia kweli. Miaka ya 1970 ikaja metrizamide, inayeyuka kwenye maji na figo zinaitoa, ila nayo ilikuwa na vituko vyake, mgonjwa anatoka mezani mzima, baadaye anachanganyikiwa, anashindwa kuongea, wengine wanashikwa na degedege. Zote mbili zimeshaachwa, sasa kumtishia mtu wa leo kwa habari za Pantopaque si haki.

Pili kuna dawa za sasa, kina iohexol na iopamidol, zenye ayodini ndani yake. Kinachosumbua wengi hapa ni kichwa kuuma, na mara nyingi lawama ni ya tundu la sindano linalovujisha maji. Degedege, kuweweseka, kutoona kwa muda wakati macho yenyewe ni mazima kwa sababu kilichoguswa ni ubongo wa nyuma, meninjitisi (utando wa ubongo na uti kuvimba) isiyo na vijidudu, vyote hivi vimeshatokea ila ni kwa wachache na wengi wao wanarudi sawa ndani ya siku chache. Kwa hiyo neno nadra ni la kweli. Kinachonikera ni namna linavyotumika kumnyamazisha mgonjwa, kwani unadra wenyewe una masharti yake: una kifafa? Unatumia dawa za magonjwa ya akili zile zinazorahisisha degedege, ambazo zingine hutakiwa kusimamishwa siku mbili kabla? Dozi haijapita gramu 3 za ayodini kwa mtu mzima? Baada ya picha kichwa kimeinuliwa ili dawa isikimbilie ubongoni kwa wingi? Asiyeuliza haya hana cha kujivunia kwenye neno nadra.

Tatu, na hapa ndo penye balaa, ni dawa isiyo yake kuingia mgongoni. Kontrasti za ayoniki, yaani zile zinazogawanyika kuwa chembe zenye chaji ya umeme zikiyeyuka, kama diatrizoate, zina kazi zake kwingine mwilini, lakini zikiingia kwenye maji ya uti, mara nyingi ndani ya saa chache misuli ya miguu inaanza kukakamaa na kurukaruka, mshtuko unapanda kiunoni, unafika mikononi, mwisho degedege la mwili mzima, joto linapanda, misuli inaharibika na figo zinaelemewa. Kuna waliokufa. Kuna pia waliopona kwa sababu iligundulika mapema, wakainuliwa kichwa, wakalazwa usingizi kwa dawa na kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia.

Na usidhani ni uzembe wa kijinga tu. Iohexol yenyewe ina chupa za nguvu tofauti, zinazoandikwa kwa miligramu za ayodini kwenye kila mililita: 180, 240 na 300 zinaruhusiwa mgongoni, 140 na 350 haziruhusiwi, jina lile lile, kilichobadilika ni namba. Mtu amechoka, chumba kina haraka, basi. Hata kuikimbia ayodini si dawa, maana kuna wagonjwa wenye aleji nayo waliochomwa gadolini, kontrasti ya picha za MRI, wakati wa sindano za mgongo, ikapenya hadi kwenye maji ya uti na kuwaletea kuchanganyikiwa na degedege.

Wanaosema basi MRI imalize kila kitu wana hoja, kwa wengi inatosha kabisa bila kuchomwa uti. Lakini mwenye kifaa cha moyo kisichoruhusiwa kwenye MRI, au mwenye vyuma mgongoni vinavyoharibu picha, au anayetafutiwa maji ya uti yanavujia wapi, mayelogramu bado inamfaa na mi nisingemshauri aikatae. Ningemwambia aulize jina na namba ya chupa kabla haijavutwa kwenye sindano, hata kama nesi atamkunjia uso. Na ndugu anayemsubiri wodini ajue kwamba miguu ikianza kukakamaa baadaye, hiyo si baridi wala wasiwasi wa mgonjwa, daktari aitwe saa hiyo hiyo na lebo ya ile chupa isomwe upya.