Viazi vya kuponda vya Wajerumani vimeonewa

Kila nikisikia mtu akivibeza viazi vya kuponda vya Wajerumani, ile Kartoffelpüree yao, eti ni wanga mtupu na mafuta, naumia. Chakula hiki kimeonewa.

Zaidi ya robo tatu ya kiazi kibichi ni maji. Ukikiponda kwa maziwa na siagi ya kiasi, gramu 100 zina kalori 110 hivi. Wali mweupe wa uzito huohuo una kama 130. Anayenenepa atazame donge la siagi analoongeza mezani, asikisingizie kiazi.

Makosa hufanyika jikoni. Vitamini C huyeyuka majini, nayo haistahimili moto wa muda mrefu. Mpishi anamenya viazi, anavikatakata vidogo vidogo, anavichemsha, kisha anamwaga maji yote na sehemu ya madini ya potasiamu humo humo. Halafu chakula kinawekwa motoni saa nzima, pengine saa mbili, kikisubiri walaji. Ukikila hapo, ni kweli utakuta wanga tu. Mimi nasema vichemshwe na maganda, namna wanayoiita Pellkartoffeln, vimenywe vingali moto na kupondwa kwa mkono. Mimina maziwa ya moto, kwangulia kungumanga kidogo (ya Zanzibar inafaa kabisa), kisha ule papo hapo. Blenda iache kabatini. Inaufanya wanga uvutike kama gundi.

Sahani ninayoitetea kwa moyo wote haina hata nyama. Ni viazi vya kuponda, spinachi na yai la kukaanga, mlo ambao watoto wengi wa Ujerumani wamekulia. Kiazi kina protini chache, gramu 2 tu katika 100, lakini ikikutana na ya yai, kila moja huziba pengo la mwenzake. Mtafiti Ernst Kofrányi wa Ujerumani aliupima mchanganyiko huo: ikiwa ubora wa protini ya yai peke yake, yaani jinsi mwili unavyoweza kuitumia, ni 100, yai na kiazi pamoja hufika 136. Mlo wa bei nafuu namna hii kuitwa wanga mtupu ni dhuluma.

Mwenye kisukari, hata hivyo, namwomba awe mwangalifu. Kiazi kilichopondwa hupandisha sukari haraka kuliko kilichoachwa kizima. Apakue kijiko kimoja au viwili, spinachi ndiyo ijae sahani.