Sindano ya VVU imekuja sawa, ila kidonge msikitupe kwanza

Tangu Julai 2025 pale Kigali, WHO (Shirika la Afya Duniani) waliposema sindano za cabotegravir na rilpivirine zinaweza kutumika badala ya vidonge kwa watu wenye VVU ambao virusi vyao vimeshafubaa (dawa imevibana mpaka kipimo hakivioni), kauli inayozunguka ni moja tu, vidonge sasa basi. Tena wengi wanachanganya na lenacapavir, ile ya kila miezi 6 iliyotangazwa hapo hapo Kigali, wakati ile imepitishwa kama kinga kwa mtu ambaye hajaambukizwa. Mimi naongelea matibabu hapa, na naona TLD, kile kidonge kimoja cha kila siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, inadharauliwa wakati watu hawajaangalia vizuri inawafanyia nini.

Sindano ina hoja nzito, tusidanganyane. Kila mtu aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga na watu wengi anajua habari ya kopo la dawa, vidonge vinalia ukilitikisa, watu wanahamishia kwenye mfuko wa nailoni, wanang'oa lebo, wengine wanaruka dozi kwasababu tu mgeni kalala chumbani. Mwanafunzi wa bweni ndo usiseme. Kwa mtu kama huyo kuchomwa kila baada ya miezi 2 halafu ukirudi nyumbani hakuna kitu cha kuficha ni pumzi kabisa. Na inafanya kazi kwetu huku, sio Ulaya tu: utafiti wa CARES uliofanyika Uganda, Kenya na Afrika Kusini kwa watu 512 ulionyesha baada ya wiki 48 virusi vilibaki vimefubaa kwa asilimia 96 hivi ya waliochomwa na 97 ya waliomeza. Yaani ngoma droo.

Sasa hapo kwenye droo ndo nataka tukae, maana kama matokeo ni sawa basi kinachoamua ni maisha ya mtu na hali ya kliniki yake. Hesabu rahisi tu. Mtu aliyetulia kwenye TLD siku hizi sehemu nyingi anapewa dawa za miezi 3 mpaka 6 kwa mkupuo, kwahiyo akipewa za miezi 6 anaonekana CTC (kliniki ya VVU) mara 2 kwa mwaka kuchukua dawa. Wa sindano ni mara 6, na hawezi kumtuma mtu amchukulie, lazima aende mwenyewe achomwe sindano mbili za makalio, moja ya cabotegravir nyingine ya rilpivirine. Halafu tarehe yake haina mchezo, unaruhusiwa siku 7 kabla au siku 7 baada, ukijua utapitiliza inabidi upangiwe vidonge vya kuzibia pengo. Tunasema sindano inamwondolea mtu aibu ya kopo, sawa, lakini aibu ya kuonekana kwenye benchi la CTC imeongezeka mara tatu, na kwa mvuvi anayehama kambi au dereva wa masafa marefu hiyo ratiba ni ngumu kuliko kidonge kilichopo begini.

Kumbuka Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ghafla. Kuna kliniki zilipunguza watumishi na zingine zikafunga kwa muda. Mwenye akiba ya vidonge vya miezi kadhaa nyumbani aliendelea kumeza huku akisubiri hali itulie, lakini ambaye tarehe yake ya kuchomwa ingeangukia wiki ile angefanyaje? Na hizi dawa za sindano ukiacha haziishi mwilini mara moja, zinabaki kidogo kidogo kwa miezi, hata mwaka na zaidi, kwa kiwango kisichotosha kuwazuia virusi, na hiyo ndo nafasi virusi wanaitumia kutengeneza usugu. Cabotegravir ni ya kundi moja na dolutegravir iliyomo ndani ya TLD, kwahiyo usugu wa sindano unaweza kumharibia mtu hata kidonge alichokuwa anakitegemea kurudi. Hawa wanaoshindwa kwenye sindano ni wachache, CARES imeonyesha hivyo, ila pale ni utafiti, tarehe zinafuatiliwa na mtu anapigiwa simu, na dolutegravir ndo nguzo ya matibabu yetu yote. Mi naogopa sana kuichezea.

Kuna na homa ya ini B ambayo inasahaulika. Ndani ya TLD, tenofovir na lamivudine zinabana pia kirusi cha homa ya ini B, sindano haigusi kabisa hapo, ndo maana WHO wameweka sharti mtu asiwe nayo. Mtu anaweza kuwa anatibiwa vyote viwili miaka mingi bila kujua, ukimtoa TLD bila kumpima, homa hiyo inaweza kulipuka na kuumiza ini. TB nayo hivyo hivyo, anayetumia rifampicin sindano hizi haziendi pamoja, wakati kwenye TLD anaongezewa tu dolutegravir nyingine masaa 12 baadaye na maisha yanaendelea. Mambo ya rilpivirine kukaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8 kwenye zahanati ambayo umeme unakatika sina haja ya kuyaeleza. Bei pia, TLD tangu 2023 iko chini ya dola 45 kwa mtu kwa mwaka.

TLD nayo ina kero zake, watu wananenepa, wengine usingizi unasumbua, figo zinataka kuangaliwa. Na kuna watu ambao kidonge kimewashinda kweli. Utafiti wa LATITUDE wa Marekani ulichukua watu wa namna hiyo, ukawasaidia kwanza wafubaze virusi kwa vidonge, ndo ukawagawa: waliochomwa kila mwezi, kama 24 kwa kila 100 tiba iliwashinda ndani ya mwaka, waliobaki na vidonge ni 38. Tofauti hiyo ni kubwa, na hao ndo ningependa wapewe kipaumbele dozi chache zikifika, vijana wa bweni, wenye utoro wa muda mrefu, wanaoishi na mwenza asiyejua, wakiwa wamepimwa homa ya ini B na wana namba ya nesi wa kumpigia tarehe ikikaribia kupita. Ambaye amefubaza miaka 5 kwa TLD na halalamiki sioni kwanini ahamishwe.