Karagöz kwenye jengo la maduka: ameokolewa au amepotezwa?

Neno letu karagosi limetoka kwa Karagöz wa Uturuki, mhusika wa maigizo ya vivuli mwenye mdomo usio na breki, anayemkera mwenzake msomi, Hacivat. Maskani yake yalikuwa mikahawa ya Istanbul, hasa usiku wa Ramadhani: michezo ya kale huhesabiwa 28, mmoja kwa kila usiku isipokuwa Lailatulkadri. Siku hizi mwezi ukiandama hukutwa kwenye viwanja vya manispaa na majengo ya maduka.

Wanaounga mkono kuhamia huko wana hoja nzito. UNESCO iliiorodhesha sanaa hii mwaka 2009, lakini orodha hainunui ngozi ya ngamia ya kuchongea vikaragosi. Watoto wako madukani, na malipo yako huko.

Kasoro inaanzia kwenye taa. Kikaragosi, cha sentimita 35 hivi, ni ngozi iliyokwanguliwa mpaka ikapitisha mwanga, kisha ikatiwa rangi. Hubanwa kwenye pazia jeupe kwa kijiti kilichonyooka, taa ikiwa nyuma. Mwanga ukipiga pazia kwa mbele, rangi zote zinapauka. Wengi hujibu kwa kuongeza wati nyuma, nao huharibu zaidi: balbu yenyewe huonekana kama duara jeupe, na ikiwa ya halojeni, ngozi hujikunja kwa joto, haikai bapa, kingo zikafifia. Bora kuzima taa za juu, au kukizungushia kibanda paa na kuta za kitambaa cheusi.

Sauti nayo ina mtego. Mchezeshaji mmoja ndiye hutoa sauti zote. Spika zikifungwa pembeni, Karagöz anaongea katikati na maneno yanatoka kulia. Ziwekwe chini ya pazia.

Halafu muda. Mchezo una utangulizi, majibizano, kisa na tamati. Mwenye ukumbi anataka dakika 20. Wengi hukata majibizano kwa kuwa hayasukumi kisa. Tungekata kisa. Majibizano ndiyo hubuniwa papo hapo: Hacivat anatoa neno la kitabuni, Karagöz analisikia visivyo, na humo ndimo utani juu ya bei ya nyama hupenya.

Kusafisha lugha kwa ajili ya watoto? Nusu ni sawa. Kejeli za lafudhi za Waarmenia, Wayahudi na Waarabu zikipungua hakuna hasara. Lakini anayelipa hataki utani juu ya bei za duka lake, na mkahawani angekuwa wa kwanza kutaniwa.