Haki za binadamu zianzie Ghuba ya Winam

Nikikaa na wanafunzi wa hapa Kisumu kuzungumzia haki za binadamu, naona wamefundishwa mengi. Wanajua Azimio la Ulimwengu lilipitishwa Paris mnamo Desemba 10, 1948. Wanajua lina vifungu 30, na wapo wanaovikariri. Ukiwauliza unamwandikia nani maji taka yakimwagwa ziwani, darasa zima linanyamaza. Hilo linaniuma, kwa sababu si kosa lao.

Tumezoea kuwafundisha masuala ya dunia kana kwamba yako ng'ambo. Yako hapa. Magugumaji yanayofunga njia za mashua katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria asili yake ni Amerika Kusini, na yananenepa kwa mbolea inayosombwa na mito kutoka mashambani pamoja na uchafu wa miji yetu. Ziwa ni la nchi tatu, na sehemu ya Kenya ni takriban asilimia 6 tu. Samaki aitwaye mbuta, au sangara, naye ni mgeni: aliletwa ziwani wakati wa ukoloni, na leo minofu yake inauzwa hadi Ulaya. Mwalimu aliye karibu na ufuo wa Dunga anaweza kufundisha biashara ya kimataifa, mazingira na ujirani wa mataifa kwa samaki huyo mmoja.

Baada ya hapo, sheria. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyeumia au kupata hasara. Sijui kwa nini jambo kubwa hivi halisemwi katika kila shule iliyo kando ya ziwa.

Ninalolipenda zaidi ni Kifungu cha 35, haki ya raia kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisi ijibu ndani ya siku 21. Kwa Kiswahili! Kijana wa mitaa ya Nyalenda au Manyatta hapa Kisumu anaweza kuandika barua hiyo leo. Na hapo ndipo mafunzo yalipo: kujua ofisi inayohusika, kutaja hati unayoitaka na mwaka wake, kupeleka nakala mbili na kubaki na moja iliyogongwa muhuri, kisha kuhesabu siku. Wasipojibu, unalalamika kwa Tume ya Haki za Utawala, ile inayojulikana zaidi kama Ombudsman. Mtoto aliyepitia hatua hizi mara moja hazisahau.

Najua wazazi wengi wanaogopa, hasa tangu maandamano ya vijana ya Juni 2024. Wapo waliozika watoto wao, na hofu yao naiheshimu. Lakini vijana hao waliopinga Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, hawakusubiri mtaala. Waliusoma mswada wenyewe, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani na kuusambaza kwa simu. Vijana watajifunza haki zao, tupende tusipende. Heri wajifunze wakiwa na mtu mzima kando yao, anayeweza kuwaonyesha kwamba Kifungu cha 37 kinalinda maandamano ya amani, bila silaha, na kwamba kifungu hichohicho kinalinda pia haki ya kuwasilisha malalamiko kwa maandishi.

Kwa hiyo naomba klabu za shule zichague swali moja la kwao muhula huu na kulifuatilia mpaka lijibiwe. Kisumu waulize maji ya Mto Kisat hupimwa lini na matokeo huwekwa wapi. Budalang'i waulize kuhusu kingo za Mto Nzoia: bajeti ya kuzikarabati ni kiasi gani, na nani amepewa kazi hiyo. Nakuru, ambako ziwa lilipanda na kuingia katika nyumba za watu, waulize ni familia ngapi zilihama na orodha yao inashikwa na ofisi gani.