Kuchenjua dhahabu ya kompyuta nyumbani: faida iko wapi?

Geuza kadi ya memori (RAM) ya kompyuta iliyokufa chini ya taa. Ukingoni utaona safu ya meno madogo ya manjano, na manjano hayo ni dhahabu kweli, si rangi. Imepakwa hapo kwa sababu haishiki kutu, umeme hupita humo bila kusuasua, na kadi inaweza kuchomolewa na kuchomekwa tena miaka nenda miaka rudi. Wengi huanzia kwenye meno hayo. Mtu anayaona, anakumbuka video aliyoitazama usiku, ambamo jamaa alimimina vimiminika kwenye chupa akaibuka na kidonge kinachong'aa, basi lile boksi la simu na kompyuta mbovu chini ya kitanda analitazama kwa jicho jingine kabisa.

Wanaomwambia ajaribu kuchenjua, yaani kuitoa dhahabu hiyo mwenyewe, si wajinga. Kwenye mgodi, mwamba wenye gramu tano za dhahabu kwa tani ni mwamba wa kushangilia. Tani ya bodi za kompyuta, kutegemea aina na umri wake, inaweza kubeba gramu mia moja na zaidi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki iliyotoka 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka hizo kwa mwaka 2022 pekee, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo zilikuwa asilimia 22.3 tu. Dhahabu iliyokuwamo ilikadiriwa kuwa ya dola bilioni 15. Kwa hiyo anayesema tunatupa mali hasemi uongo.

Wana hoja ya pili, ambayo mimi naiona nzito kuliko ya kwanza. Viwanda vikubwa vya kuyeyusha bodi, kama cha Umicore kule Hoboken, Ubelgiji, hufanya kazi kwa tani, si kwa kilo. Mwenye kilo kumi za bodi hana mlango wa kugonga. Atamkuta dalali atakayempimia kwa uzito, bodi za dhahabu na za redio zote bei moja, tena bei ya chini. Lakini dhahabu yenyewe, hata iwe punje, haina mnyonge: inapimwa, inajulikana, inauzika. Ndiyo maana mtu anashawishika kuifanya mwenyewe kazi hiyo mpaka mwisho.

Na ipo raha ya kujua, ambayo si haki kuidharau. Kemia ya dhahabu ina visa vitamu. Wajerumani walipoingia Copenhagen mwezi Aprili 1940, mwanakemia George de Hevesy aliyeyusha medali mbili za Nobel za wanasayansi Max von Laue na James Franck ndani ya mchanganyiko wa asidi mbili unaoitwa akwa rejia, ili wavamizi wasizipate. Akaiacha chupa rafuni kama chupa nyingine yoyote. Vita vilipokwisha aliikuta palepale, dhahabu ikatolewa, na medali zikafuliwa upya. Anayechenjua nyumbani hutumia kemia ileile: dhahabu haipotei, inabadilisha umbo tu.

Sasa tushike kalamu. Sentimita moja ya mraba iliyopakwa dhahabu yenye unene wa mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, ina miligramu 2 hivi. Meno yote ya kadi moja ya memori, pande zote mbili, ni kama sentimita 6 za mraba. Hata tukimpa mtengenezaji sifa ya kupaka mikroni nzima, jambo ambalo mara nyingi halifanyi, kadi moja inatoa miligramu 12. Gramu moja inataka kadi zaidi ya themanini, na hapo tumedhani kwamba hakuna hata chembe iliyopotea njiani. Kuna kinachodanganya macho zaidi ya meno hayo: ile manjano iliyotapakaa kwenye bodi nzima, kila kitundu na kila kiduara. Inaonekana nyingi. Tabaka lake kwa kawaida halifiki hata sehemu moja ya kumi ya mikroni. Jicho linapima upana, wakati mali iko kwenye unene, na unene jicho haliuoni.

Usitegemee hesabu yangu peke yake. Mwaka 2024 watafiti wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, walitangaza kwamba wametoa dhahabu kwenye bodi kuu za kompyuta kwa kutumia sponji iliyotengenezwa kwa protini za maji ya jibini. Bodi ishirini ziliwapa kidonge cha miligramu 450, chenye dhahabu kama asilimia 91, kilichobaki shaba. Hao ni watu wenye maabara kamili, na njia yao ilisifiwa dunia nzima. Bodi ishirini, chini ya nusu gramu.

Tena mbale zenyewe, yaani vifaa ambamo dhahabu hiyo hutolewa, zinazidi kufifia. Video nyingi zinazovuta watu hutumia prosesa za kauri za miaka ya 1980 na 1990, zile zenye mfuniko wa dhahabu na pini zilizopakwa kwa ukarimu. Tangu hapo dhahabu imepanda bei na wenye viwanda si wapumbavu: nyaya nyembamba ndani ya chipu, zilizokuwa za dhahabu, nyingi sasa ni za shaba, na tabaka za juu zimepunguzwa kila zilipoweza kupunguzwa. Anayefungua kompyuta ya juzijuzi akitegemea mavuno ya kompyuta ya 1995 ameshapunjwa kabla hajafungua chupa ya kwanza.

Njoo kwenye kazi yenyewe. Jamaa yangu mmoja, fundi wa kompyuta mwenye mikono mizuri, aliifanya kwa miezi kadhaa kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba. Cha kwanza alichokiona, ambacho video hazikumwambia, ni kwamba dhahabu inapotoka kwenye asidi haing'ai. Inakaa chini ya chombo kama tope la kahawia, kama mashapo ya kahawa. Mara ya kwanza nusura alimwage akidhani ni uchafu. Mng'ao huja mwishoni, baada ya kuoshwa mara nyingi na kuyeyushwa kwa moto mkali, na ndio huo tu kamera huupenda.

Cha pili alikiona kwenye spana zake. Hakuzigusisha asidi hata siku moja, zilitundikwa ukutani upande wa pili wa kibanda. Baada ya wiki chache zote zilikuwa nyekundu kwa kutu. Mvuke wa asidi ya hidrokloriki ulikuwa umetembea chumba kizima kimyakimya. Aliponionyesha, wazo langu la kwanza halikuwa spana, lilikuwa kifua chake.

Hapo ndipo mizani yangu inapoanza kuelemea upande mmoja. Asidi ya nitriki ikikutana na shaba hutoa gesi ya kahawia, naitrojeni dioksaidi. Ubaya wake si ukali peke yake, ni subira yake. Mtu anaweza kuivuta, akakohoa kidogo, akapata nafuu, akala chakula cha jioni na kulala. Saa kadhaa baadaye mapafu yanaanza kujaa maji. Barakoa ya kitambaa haiizuii, na ya vumbi pia haiizuii. Wanaochoma bodi kwanza ili plastiki iishe wanajiongezea balaa jingine, kwa kuwa plastiki hizo huwa na kemikali za kuzuia moto zenye bromini, ambazo zikiungua ovyo huzaa sumu kali ziitwazo dioksini. Risasi, ile metali nzito yenye sumu iliyo kwenye lehemu za vifaa vya zamani, nayo hugeuka vumbi na mafusho. Na wapo wanaoiga sianidi, sumu inayotumika migodini kuyeyusha dhahabu. Sianidi ikikutana na asidi, hiyo hiyo waliyonayo mezani, hutoa gesi inayoua papo hapo. Sina la kuwaambia hao zaidi ya kuacha leo.

Mji wa Guiyu, kusini mwa China, uliwahi kuwa karakana kubwa ya kazi hii, bodi zikichomwa juu ya majiko na kuoshwa kwa asidi kando ya mito. Utafiti uliochapishwa 2007 ulipima damu za watoto wadogo wa hapo: zaidi ya 80 kati ya kila 100 walikuwa na risasi kupita kiwango kilichokuwa kikihesabiwa cha hatari wakati huo. Mwenye chupa moja kibandani atajibu kwamba yeye si Guiyu, na kwa wingi wa moshi ni kweli, si haki kumlinganisha na mji mzima. Lakini mfanyakazi wa Guiyu aliyekuwa na bahati aliacha kazi karakanani akaenda kulala kwingine. Wa nyumbani hulala na kazi yake. Viatu vyake vinaingia ndani, taulo lake linaning'inia pamoja na la mwanawe.

Na kinachopatikana kwa gharama hiyo ni sehemu tu ya mali. Uchunguzi wa wachenjuaji wadogo wa Bangalore, India, uliofanywa miaka ya 2000, ulikuta wanaipata kama robo tu ya dhahabu iliyomo, wakati kiwanda kamili hupata zaidi ya asilimia 95. Iliyobaki huondoka na maji machafu. Shaba, fedha na paladiamu, ambazo kiwandani huvunwa zote, huku nyumbani mara nyingi huishia kwenye mfereji. Kwa hiyo ile hoja ya kuokoa mali isipotee inamgeukia mwenye kuitoa: bodi iliyopita kibandani ndiyo iliyopoteza mali nyingi zaidi.

Wengine husema ngoja, njia salama zinakuja. Zinakuja kweli. Kiwanda cha sarafu cha Uingereza, Royal Mint, kilifungua 2024 huko Llantrisant, Wales, mtambo wa kutoa dhahabu kwenye bodi bila kuziyeyusha kwa moto, unaolenga hadi tani 4,000 kwa mwaka. Lakini ni mtambo, wenye mabomba, vipimo na watu waliofunzwa. Hata sponji ya Zurich huingia kazini baada ya metali kuyeyushwa kwenye asidi. Sponji haikuondoa asidi, iliondoa hatua iliyofuata.

Mimi ningeikata kazi vipande viwili. Kubomoa, kuchambua na kutenganisha kunaweza kufanyika nyumbani kwa bisibisi, glavu na uangalifu wa betri. Bodi kuu zikae kivyake, kadi za memori kivyake, prosesa kivyake, vipoza joto vya alumini na nyaya za shaba kivyake. Mzigo uliochambuliwa hauuzwi kwa bei ya mzigo mchanganyiko, na kutenganisha bodi hakuna mvuke wa asidi. Asidi iachiwe wenye mitambo. Najua mpango huu una tundu: mwenye mzigo mdogo bado atakadiriwa kwa macho na dalali, kwa sababu vipimo vya kweli vya maabara hufanywa kwa shehena kubwa. Watu kumi wakiunganisha maboksi yao, tundu linapungua, haliishi. Asiyekubali kupunjwa hivyo namwelewa. Ila kati ya dalali anayenipunja shilingi na mvuke unaonipunja pumzi, najua wa kugombana naye.

Jamaa yangu aliacha. Si kwa kushauriwa, alikaa chini akajumlisha asidi alizonunua, vyombo vilivyopasuka na jumamosi zake, akakuta kidonge chake hakifidii hata asidi. Anacho bado, amekifunga kwenye karatasi ndani ya kiberiti, huwatolea wageni. Anachokificha ni madumu mawili ya maji ya kijani yenye shaba, nikeli na asidi iliyobaki, yaliyo kwenye kona ya kibanda mwaka wa tatu huu. Hawezi kuyamwaga kwenye karo, hawezi kuyamwaga shambani, na kila aliyemuuliza wa kuyapokea amemuelekeza kwa mwingine. Mara mbili kwa mwaka huenda kuyatazama kama vifuniko vimeanza kuvuja.